Soksi isiyomkimbia mvaaji: namna ya kufuma kisigino

Kipupwe kikiingia Newala, ukungu hupanda asubuhi kutoka bonde la Ruvuma na wazee huota moto mpaka jua likolee. Anayeijua Mtwara ya pwani peke yake haamini kwamba barabara ile ile ya Nanyamba na Tandahimba itamfikisha mahali pa kutafuta soksi nzito. Babu yangu aliishi huko juu, na jozi ya kwanza niliyomfumia haikuwa na kisigino. Lilikuwa bomba tu, limezibwa upande mmoja. Aliivaa siku tatu, akaniita: "Mjukuu wangu, soksi hii inanikimbia." Kila akitembea ilishuka kifundoni, ikajikunja chini ya unyayo. Mama mdogo aliishika, akaigeuzageuza, akaniambia mguu una kona na bomba halina.

Nimekutana na mafundi wengi Mtwara na Lindi wenye mikono mizuri kabisa: kofia za vichanga, sweta, shali za harusi. Wakifika kwenye kisigino wanaweka kazi chini. Wengine wanafuma mabomba ya watoto na kuyafunga kwa utepe yasivuke. Kisigino si kazi ya watu wachache waliojaliwa. Ni hesabu ndogo tatu zinazofuatana, na kila moja ina alama inayoonekana kwa macho. Ukishaiona alama, hata mtoto akikuita katikati ya mstari unarudi na kuendelea.

Naandika kwa anayejua tayari kuanzisha vitanzi na kufuma mviringo kwa sindano tano. Ninaposema *laini*, nina maana ya kitanzi unachofuma uzi ukiwa nyuma ya kazi, upande unaokutazama ukatoka mlaini. Ninaposema *nundu*, uzi uko mbele na kitanzi kinaacha kinundu upande wako. Fundi wako huenda alikufundisha kwa majina mengine. Kitendo ni kile kile.

Uzi na sindano

Uzi wa kawaida wa sweta unaouzwa kwa mabonge unafaa. Gramu 100 hivi zinatosha jozi ya mtu mzima. Nyuzi nyingi za madukani ni za akriliki: hazipungui zikifuliwa na zinakauka upesi, ila zinahifadhi jasho. Ukipata sufu ya kondoo, mvalishe mzee anayeishi baridini. Na tusichanganye sufu na sufi. Sufi ni ile ya mti wa msufi, tunayojaza mito. Nyuzi zake ni fupi na zinateleza mno, hazisokoteki vizuri zikawa uzi wa kufumia.

Sindano zinazotakiwa ni tano, fupi, zenye ncha pande zote mbili. Madukani ni adimu, na hapa fundi pikipiki atakusaidia. Mwombe spoku alizozitoa kwenye magurudumu. Spoku za pikipiki ni nene kuliko za baiskeli. Tafuta zenye unene wa karibu milimita 3. Kata kichwa kilichopinda, kata na upande wenye nyuzi za nati, kisha noa ncha zote mbili kwenye jiwe na umalizie kwa msasa mpaka zisikwaruze hata kitambaa laini. Ncha iwe butu kidogo, kama ya kijiti cha kuchokoa meno kilichotumika, maana ncha kali inapasua uzi katikati. Spoku za baiskeli, za karibu milimita 2, ziweke kwa uzi mwembamba.

Hewa yetu ya bahari inashika chuma kutu upesi. Futa sindano kila ukimaliza, zikunje kwenye kitambaa kikavu. Kutu ikigusa uzi mweupe, doa lile halitoki.

Kabla ya chochote, fuma kipande cha majaribio na upime. Hesabu zangu zote hapa zinategemea vitanzi 24 kwa sentimita 10. Kwa kipimo hicho, vitanzi 48 vinatoa soksi yenye mzingo wa sentimita 20, inayovutika na kushika mguu wa kike wenye mzingo wa sentimita 22. Soksi lazima iwe ndogo kuliko mguu. Ikilingana nao, italegea.

Anzisha vitanzi 48, gawa 12 kwa kila sindano, fuma pindo la kuvutika (laini 2, nundu 2) kwa sentimita 4 au 5, halafu laini tupu mpaka shingo ya soksi ifike urefu unaoupenda. Mimi huacha kwenye sentimita 15. Simama mwanzo wa mzunguko. Sasa tumefika.

Mambo matatu yanayounda kisigino

Nyumbani kwetu yana majina: ulimi, kikombe na pembe. Ulimi ni kipande bapa kinachoshuka nyuma ya mguu. Kikombe ni pale kazi inapogeuza kona na kukumbatia mfupa. Pembe ni vipande viwili vya pembetatu, kulia na kushoto, vinavyounganisha kikombe na sehemu ya juu ya wayo. Ukimtazama mwanamke anayeshona kawa la ukili utaona jambo hilo hilo: kitu bapa kinageuka kuwa na tumbo kwa kuwa mzunguko mmoja umebana kuliko mwingine. Sisi tunabana kwa kupunguza vitanzi mahali maalumu.

Ulimi

Ulimi unafumwa kwa nusu ya vitanzi vyote, yaani 24. Hivi ni vya sindano ya kwanza na ya pili. Vile 24 vya sindano ya tatu na ya nne viache vikae. Ni vya juu ya wayo, usiviguse mpaka nitakapovitaja.

Kuanzia sasa hufumi mviringo. Unakwenda na kurudi.

Mstari wa 1, upande wa nje: hamisha kitanzi kimoja bila kukifuma, fuma laini kimoja, rudia hivyo mpaka mwisho wa vitanzi 24, vyote vikiingia kwenye sindano moja. Geuza kazi.

Mstari wa 2, upande wa ndani: hamisha kitanzi cha kwanza, fuma nundu 23. Geuza.

Rudia mistari hiyo miwili mpaka itimie 24.

Unapohamisha, ingiza sindano kama unayetaka kufuma nundu, ili kitanzi kisijipinde. Upande wa nje uzi ukae nyuma; upande wa ndani ukae mbele. Kila kitanzi kilichohamishwa kinapitiwa na uzi kwa nyuma, na ndiyo maana ulimi unakuwa mnene kama kitambaa cha tabaka mbili. Hapo ndipo kiatu kinaposugua. Wanaofuma ulimi kwa laini tupu hawakosei, ila soksi yao itatoboka mapema.

Kitanzi cha kwanza cha kila mstari usikisahau kukihamisha. Pembezoni mwa ulimi utaona mnyororo unajiunda, kila pete ikibeba mistari miwili. Mistari 24 inatoa pete 12 kila upande. Kwa hiyo huhitaji kukumbuka uko mstari wa ngapi: hesabu pete. Mama mdogo alihesabu kwa komwe za bao, akihamisha moja kila mistari miwili, na njia hiyo bado naipenda. Korosho zenye maganda, ingawa zimejaa kila nyumba msimu ukifika, sizishauri. Ganda likipasuka, mafuta yake yanaunguza ngozi na kutia doa baya kwenye uzi.

Ukitaka kisigino kidumu zaidi, shika uzi wa cherehani wa poliesta wenye rangi ile ile, ufume pamoja na uzi wako kwenye ulimi na kikombe tu. Uzi wa mshipi wa kuvulia usiutumie, hata kama upo mwingi nyumbani. Ni mgumu, unakata nyuzi za jirani na kumchoma mvaaji.

Kikombe

Hapa ndipo wengi wanapoogopa, nami nitakwenda taratibu.

Wazo lenyewe ni hili: unafuma vitanzi vya katikati tu, unageuza kabla hujafika mwisho, na kila ukigeuza unameza kimoja zaidi kutoka pembeni. Kwa kugeuza kabla ya mwisho, unaacha *pengo* kati ya vitanzi ulivyofuma na vile vinavyosubiri. Pengo hilo linaonekana wazi, kama jino lililotoka. Likariri, kwa sababu ndilo litakalokuongoza.

Kuna namna mbili za kupunguza. Upande wa nje tunatumia *kuvusha*: hamisha kitanzi kimoja, safari hii ukiingiza sindano kama unayetaka kufuma laini, fuma kinachofuata laini, kisha kichukue kile ulichohamisha ukipitishe juu ya ulichofuma na kukiachia. Upande wa ndani tunafuma *viwili pamoja kwa nundu*.

Mstari wa 1 (nje): hamisha 1, laini 13, vusha, laini 1. Geuza. Vitanzi 7 vimebaki bila kuguswa.

Mstari wa 2 (ndani): hamisha 1, nundu 5, viwili pamoja kwa nundu, nundu 1. Geuza. Upande huu pia vimebaki 7.

Mstari wa 3: hamisha 1, laini 6, vusha, laini 1. Geuza.

Mstari wa 4: hamisha 1, nundu 7, viwili pamoja, nundu 1. Geuza. Sasa vimebaki 5 kila upande.

Simama hapa uangalie. Katika mstari wa 3 ulipovusha, kitanzi kimoja kilikuwa upande huu wa pengo na kingine upande wa pili. Mstari wa 4 vivyo hivyo. Itakuwa hivyo mpaka mwisho. Fuma mpaka kibaki kitanzi kimoja kabla ya pengo, unganisha hicho na cha ng'ambo, ongeza kimoja, geuza. Mimi siku hizi sihesabu kabisa, nafuata pengo. Hesabu nimeziweka kwa ajili ya siku ambayo macho yamechoka au umeme umekatika.

Mstari wa 5: hamisha 1, laini 8, vusha, laini 1. Geuza.

Mstari wa 6: hamisha 1, nundu 9, viwili pamoja, nundu 1. Geuza.

Mstari wa 7: hamisha 1, laini 10, vusha, laini 1. Geuza.

Mstari wa 8: hamisha 1, nundu 11, viwili pamoja, nundu 1. Geuza. Kila upande kimebaki kimoja tu.

Mstari wa 9: hamisha 1, laini 12, vusha. Hakuna cha kuongeza. Geuza.

Mstari wa 10: hamisha 1, nundu 12, viwili pamoja. Geuza.

Hesabu sindano yako: viwe 14. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya kazi na kitazama kikombe. Mara ya kwanza nilipokiona nilikaa nacho barazani muda mrefu nikikigeuza, kwa sababu hakuna mahali nilipokata wala kushona, na bado kitambaa kilikuwa na shimo la kukaa mfupa.

Kama vimetoka 13 au 15, usilazimishe. Fumua mpaka mwisho wa ulimi, rudisha vitanzi 24 kwenye sindano, anza tena. Ni mistari kumi mifupi, dakika kumi na tano. Kikombe kilichokaa upande hakinyooki kwa kuvutwa wala kwa pasi.

Kuokota vitanzi na kurudi kwenye mviringo

Upande wa nje ukikutazama, fuma laini vile 14 vya kikombe. Kwa sindano hiyo hiyo, shuka ubavuni mwa ulimi uokote kitanzi kipya katika kila pete ya mnyororo: ingiza ncha chini ya nyuzi zote mbili za pete, zungusha uzi, utoe. Ukiokota kwa uzi mmoja tu wa pete, mahali hapo patajivuta na kuacha vijitundu. Pete ni 12. Kisha okota cha 13 pale kwenye kona, ulimi unapokutana na vitanzi vya juu ya wayo.

Hicho cha 13 ni cha lazima. Kwenye kona ile kila soksi hutoboka, kwa kuwa ulimi umeshuka mbali na vitanzi vya mbele vimebaki pale pale. Bila cha ziada, utapata tundu linalopitisha kidole.

Sasa amsha vile 24 vilivyolala: fuma laini sindano ya tatu, kisha ya nne. Ukifika ng'ambo, okota tena cha kona kwanza, halafu pete 12. Malizia kwa kufuma 7 kati ya vile 14 vya kikombe.

Mzunguko wako sasa unaanzia katikati ya unyayo. Sindano ya kwanza ina 20, ya pili 12, ya tatu 12, ya nne 20. Jumla 64.

Fuma mzunguko mmoja laini bila kupunguza. Vile ulivyookota vifume kwa kuingiza sindano upande wa nyuma wa kitanzi, ili vijipinde na kuziba nafasi. Mzunguko huu mmoja tu.

Pembe

Una 64 na unataka kurudi 48. Vitanzi 16 vinaondoka, viwili viwili.

Mzunguko wa kupunguza: sindano ya kwanza, fuma laini mpaka vibaki 3, fuma viwili pamoja kwa laini, laini 1. Ya pili na ya tatu, laini tupu. Ya nne, laini 1, vusha, laini mpaka mwisho.

Mzunguko unaofuata: laini yote.

Rudia hiyo miwili mara 8. Mstari wa mapunguzo utauona unakimbia kwa mshazari kutoka kifundoni kuelekea chini ya wayo, kulia ukilalia huku na kushoto kule. Ukiona mshazari mmoja una vinundu au umelala vibaya, umebadilishana kuvusha na viwili pamoja. Soksi itavalika, ila upande mmoja utaonekana kama ngazi.

Kuanzia hapa kazi ni nyepesi. Fuma laini mpaka wayo, ukipima toka nyuma ya kisigino, upungue sentimita 5 kwenye urefu wa mguu. Kisha punguza vidoleni: sindano ya kwanza na ya tatu, viwili pamoja vikibaki 3 mwishoni, ya pili na ya nne, laini 1 na kuvusha mwanzoni. Fanya hivyo kila mzunguko wa pili mpaka vibaki 24, halafu kila mzunguko mpaka vibaki 8. Kata uzi, upitishe kwenye vyote kwa sindano ya mkono, vuta na ufiche mkia ndani.

Mguu mwingine, hesabu nyingine

Kanuni haibadiliki. Ulimi ni nusu ya vitanzi vyote, na mistari yake ni sawa na idadi yake. Katika mstari wa 1 wa kikombe, hesabu nusu ya ulimi ujumlishe 2, na kile cha kuhamisha kimo ndani ya hesabu hiyo, ndipo uvushe. Mstari wa 2 daima ni nundu 5.

Kwa mtoto wa karibu mwaka mmoja, uzi ule ule, vitanzi 32. Ulimi 16, mistari 16, pete 8. Kikombe: hamisha 1, laini 9, vusha, laini 1, kisha nundu 5 kama kawaida. Mistari inakuwa 6 tu na vinabaki 10. Okota 9 kila upande, upate 44, upunguze mara 6. Kwa mwanamume mwenye mguu mpana, anza na 56: ulimi 28, mstari wa kwanza hamisha 1 na laini 15, vinabaki 16.

Soksi ya mtoto igeuze nje ndani kabla ya kumvalisha na upitishe kidole chako humo. Mkia mrefu wa uzi au kitanzi kilichochomoza kinaweza kuzunguka kidole cha kichanga na kukikaza mpaka kivimbe, na yeye hawezi kusema. Kata kila mkia mfupi baada ya kuufuma ndani.

Soksi ikirudi na malalamiko

Mvaaji akisema inavutika juu ya kisigino na kumshuka, ulimi ni mfupi. Kwa mtu mwenye kisigino kirefu ongeza mistari 4, uokote pete 2 zaidi kila upande, na upunguze mara 2 zaidi kwenye pembe. Ndivyo nilivyomfanyia babu jozi ya tatu: mistari 28, pete 14.

Akisema kuna mfuko mtupu nyuma, ulimi umezidi. Toa mistari 4.

Tundu la kona likibaki hata baada ya kitanzi cha 13, usifumue soksi nzima. Geuza ndani, chukua mkia wa uzi, zungusha vitanzi vinne vinavyolizunguka tundu, vuta kidogo, funga.

Fua kwa maji ya kawaida, kamua ndani ya taulo bila kusokota, tandaza kivulini. Ukianika soksi ya sufu kwa kuining'iniza, uzito wa maji unashukia kwenye kisigino na ulimi unarefuka. Ule mfuko utarudi.